Chuo kipi, kwa fedha ipi: njia nne kwa familia yenye mtoto aliyemaliza kidato cha sita

Matokeo ya kidato cha sita hutoka Julai. Wiki chache baadaye simu ya nyumbani inaanza kupokea ujumbe: umechaguliwa chuo hiki, na kile, na kile kingine, thibitisha kimoja kwa namba ya siri uliyotumiwa. Dirisha la kuthibitisha lina siku zake, likifungwa limefungwa. Orodha ya Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, HESLB, kwa kawaida hutoka baada ya hapo, Oktoba, vyuo vikiwa mlangoni kufunguliwa. Maana yake familia inachagua chuo kabla ya kujua itasaidiwa kiasi gani.

Wazazi wengi hapo huuliza swali moja tu: ada ni shilingi ngapi? Ada ni sehemu ya hesabu, na mara nyingi wala si sehemu kubwa. Kinachowaangusha wanafunzi katikati ya mwaka ni pengo, yaani ile fedha ambayo hakuna mkopo wala mfadhili anayeitoa, na lazima itoke mfukoni kwa baba, mama, mjomba au kwenye shamba. Ulinganisho huu umejengwa juu ya pengo hilo. Unahusu Tanzania Bara. Kwa Mzanzibari, Zanzibar ina bodi yake ya mikopo yenye taratibu zake, lakini namna ya kupiga hesabu haibadiliki.

Vigezo vitano vya kupimia

Kwanza pengo. Chukua karatasi, andika gharama zote za mwaka mmoja: ada, michango ya chuo, chumba, chakula, nauli ya kwenda na kurudi, vitabu na uchapishaji, vifaa vya kozi. Usisahau vitu vidogo vinavyodaiwa siku ya usajili: bima ya afya ya NHIF kwa mwanafunzi ambayo imekuwa 50,400 kwa mwaka, ada ya udhibiti ubora ya Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, 20,000, kitambulisho, serikali ya wanafunzi. Toa kile kilichothibitishwa kwa maandishi na Bodi au mfadhili. Kinachobaki ni pengo. Lizidishe kwa miaka ya kozi: mitatu kwa shahada nyingi, minne kwa uhandisi, mitano kwa udaktari wa binadamu.

Pili deni, na hasa masharti yake. Mkopo wa Bodi hauna riba. Tozo ya kulinda thamani ya asilimia 6 iliyokuwa ikiongezwa kila mwaka iliondolewa mwaka 2021, ikabaki ada ya uendeshaji ya asilimia 1. Mnufaika akiajiriwa, mwajiri hukata asilimia 15 ya mshahara wa msingi kila mwezi mpaka deni liishe. Aliyejiajiri naye anadaiwa, hata kama hana mwajiri wa kumkata.

Tatu muda: miaka mingapi mpaka shilingi ya kwanza ya mshahara. Nne, kinachoharibika, maana kila njia ina mahali pake pa kukatikia. Tano, mlango unaobaki wazi mtoto akitaka kuendelea au mambo yakienda mrama.

Deni la Bodi likoje hasa

Kabla ya kulinganisha njia, deni hili lieleweke, kwa sababu wapo wanaoliogopa kupita kiasi na wapo wanaolichukulia kama zawadi.

Fedha ya chakula na malazi, ile inayoitwa bumu, ni 10,000 kwa siku. Kabla yake ilikuwa 8,500. Bumu la siku 60 ni 600,000, na mabumu manne kwa mwaka ni 2,400,000. Vitabu na viandikwa ni 200,000 kwa mwaka. Ukiweka na ada ya 1,000,000, mwanafunzi aliyepata kila kitu kwa asilimia 100 anakopa 3,600,000 kwa mwaka, na 10,800,000 kwa miaka mitatu. Ongeza mafunzo kwa vitendo, iite milioni 12.

Tuseme akapata kazi ya mshahara wa msingi wa 800,000. Asilimia 15 ni 120,000 kwa mwezi. Milioni 12 itaisha kwa miezi 100, yaani miaka minane na miezi minne. Ni safari ndefu, lakini deni halinenepi njiani. Milioni 12 ya leo inalipwa kwa shilingi za miaka kumi ijayo, ambazo thamani yake itakuwa ndogo zaidi. Hakuna benki, SACCOS wala kikoba kitakachompa mtoto wa miaka 20 fedha kwa masharti ya namna hiyo.

Linganisha na mkopo wa kausha damu ambao mzazi huukimbilia wiki ya usajili. Milioni 1 kwa riba ya asilimia 20 kwa mwezi: ukilipa riba peke yake kwa miezi sita umeshatoa 1,200,000, na ile milioni bado unadaiwa. Ndiyo maana tunasema bila kusita kwamba mkopo wa Bodi ni wa kuchukuliwa kwanza, na mkopo wa mtaani usiingizwe kabisa kwenye mpango wa kusomesha.

Jambo moja wanafunzi hulijua wakiwa tayari kazini: ile asilimia 15 hupunguza uwezo wao wa kukopa benki. Mtumishi wa umma anatakiwa abakiwe na angalau theluthi moja ya mshahara baada ya makato, kwa hiyo makato ya Bodi yanakula nafasi ambayo ingeingia mkopo wa kiwanja au nyumba. Ni gharama halisi ya deni hili, ingawa haionekani kwenye fomu.

Njia ya kwanza: chuo kikuu cha umma

Hapa ni UDSM na MUHAS za Dar es Salaam, UDOM ya Dodoma, SUA na Mzumbe za Morogoro, na wenzao.

Pengo. Ada za shahada za sanaa, biashara na ualimu huzunguka milioni 1 hadi 1.3 kwa mwaka. Uhandisi na sayansi hupanda kidogo, na udaktari zaidi. Tofauti kubwa iko kwenye mahali pa kulala. UDOM ilijengwa ikiwa na hosteli nyingi ndani ya eneo la chuo. UDSM ina Mabibo na zile hosteli za Magufuli zilizofunguliwa 2017 zenye nafasi 3,840, lakini wanafunzi ni wengi kuliko vitanda, na aliyekosa anaenda kupanga Changanyikeni, Survey, Sinza au Ubungo.

Kupanga Dar es Salaam kuna jambo linalowakuta wengi bila kujiandaa: mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita kwa mkupuo. Chukua mwanafunzi aliyeripoti bumu halijatoka na ada hajapangiwa. Nusu ya ada 500,000, michango na bima 150,000, chumba cha 70,000 kwa miezi sita 420,000, chakula na nauli za wiki tatu 210,000. Jumla 1,280,000, na yote inatakiwa ndani ya siku kumi. Mtoto yuleyule akipata hosteli ya chuo na ada yake ikilipwa na Bodi, fedha ya kuripoti inashuka hadi chini ya nusu yake. Kwa hiyo anapokuwa amechaguliwa kozi ileile Dar na Dodoma au Morogoro, na hali nyumbani ni ngumu, jiji dogo lipewe uzito kuliko jina la chuo. Mwajiri wa mwalimu wa hisabati hatamuuliza kama alilala Mabibo au Dodoma.

Deni. Ni lile tulilolipigia hesabu: kati ya milioni 10 na 12 kwa aliyepata mkopo kamili wa miaka mitatu. Aliyepata bumu bila ada atatoka na deni dogo na pengo kubwa zaidi.

Muda. Miaka mitatu, minne au mitano, kisha kusubiri ajira. Udaktari unaongeza mwaka mmoja wa mafunzo ya utarajali. Sheria inaongeza Shule ya Sheria kwa anayetaka kuwa wakili.

Kinachoharibika. Bumu kuchelewa, hasa la kwanza. Hutoka baada ya mwanafunzi kusajiliwa na kusaini, na asiyesajiliwa kwa kukosa ada hawezi kusaini. Hapo amenaswa kotekote. La pili ni masomo yenyewe. Anayerudia mwaka asitegemee mkopo wa mwaka huo, na aliyedisko, yaani aliyeondolewa chuoni kwa kufeli, anaondoka na deni lote la miaka aliyokwisha kusoma bila shahada ya kulilipia. Kozi iliyo juu ya uwezo wa mtoto ni hatari ya fedha pia, na wazazi wanaomsukuma mwenye E ya fizikia kwenye uhandisi walifikirie hilo.

Mlango. Mpana. Shahada inatambulika kila mahali, na kuhama kozi ndani ya chuo kunawezekana katika wiki za mwanzo ikiwa sifa zinaruhusu na nafasi ipo. Akihama, hakikisha taarifa za mkopo nazo zimehama kabla ya kusaini, la sivyo fedha inakwama.

Inawafaa wengi, na hasa familia isiyo na akiba ya zaidi ya milioni 1 kwa mwaka.

Njia ya pili: chuo kikuu binafsi

Pengo. Kozi za ualimu, biashara na sheria katika vyuo vingi vya mashirika ya dini hazijapishana sana na za umma; wakati mwingine tofauti ni laki chache. Afya ndiyo inayopasua. Ada ya udaktari wa binadamu kwenye chuo binafsi inaweza kuwa milioni 5 au 6 kwa mwaka, wakati mkopo wa ada una kiwango chake na haupandi kwa sababu chuo kimepandisha. Kwa mfano ada ni milioni 6, na Bodi ikatoa milioni 3. Pengo la ada peke yake ni milioni 3 kwa mwaka, milioni 15 kwa miaka mitano, kabla ya kula wala kulala.

Familia inayosema "tutaanza, Mungu atafungua njia" ijiulize mwaka wa tatu utalipwa na nini. Mwanafunzi aliyezuiwa kufanya mtihani kwa ada ya mwaka wa tatu wa udaktari ana deni la miaka miwili, hana sifa ya kutibu, na hana cheti cha kuombea kazi. Maumivu yake ni makubwa kuliko ya yule ambaye hakuanza.

Deni. Deni la Bodi linafanana na la chuo cha umma, pengine kubwa kidogo. Ila pembeni yake huwa kuna madeni mengine yaliyoziba pengo: mkopo wa mshahara wa mzazi, shamba lililouzwa, mchango wa ukoo ambao nao una namna yake ya kudaiwa.

Muda. Uleule wa umma kwa kozi ileile. Faida yake ni kwamba mtoto anaweza kuanza mwaka huu badala ya kukaa nyumbani akisubiri nafasi ya umma.

Kinachoharibika. Ada kupanda katikati ya kozi, na michango isiyotajwa kwenye tangazo. Kabla ya kuthibitisha omba muundo kamili wa ada wa miaka yote, ulio kwenye karatasi ya chuo, na uulize: ada inalipwa kwa awamu ngapi? Asiyemaliza anaruhusiwa kufanya mtihani? Chuo kinachokubali awamu nne kinamfaa mzazi wa biashara ndogo kuliko kinachotaka mbili, hata kama ada zao ni sawa. Halafu angalia orodha ya TCU kwamba chuo kina ithibati na kozi yenyewe imeidhinishwa. Chuo kinaweza kuwa halali na kozi yake mpya isiwe.

Mlango. Shahada ina hadhi ileile kisheria. Kuhama kwenda umma baada ya mwaka wa kwanza kunawezekana kwa utaratibu wa TCU, lakini kusiwe ndiyo mpango wenyewe.

Inawafaa familia yenye kipato kinachotabirika, mwanafunzi mwenye mfadhili aliyeandika barua, na yule ambaye kozi anayoitaka iko karibu na nyumbani akaweza kulala kwao. Mtoto anayelala kwao Mwanza au Moshi anafuta chumba chote kwenye hesabu, na hapo binafsi inaweza kuwa na pengo dogo kuliko umma wa mbali.

Njia ya tatu: chuo cha kati, diploma kwanza

Njia hii hudharauliwa mno na watu waliofaulu kidato cha sita, kana kwamba ni kurudi nyuma. Tunadhani inastahili kuangaliwa upya, hasa kwa afya, ufundi, kilimo na mifugo.

Pengo. Linategemea mwenye chuo. Vyuo vya serikali ni nafuu kuliko binafsi kwa tofauti ya kuonekana. Katika bajeti ya 2023/24 serikali ilitangaza kuondoa ada kwa wanafunzi wa ufundi wa DIT Dar es Salaam, ATC Arusha na MUST Mbeya. Ulizia chuoni kama kozi na ngazi ya mwanao imo. Kwa anayetaka mikono yenyewe ishike kazi, VETA kwa kozi ndefu imekuwa ikitoza 60,000 kwa mwaka kutwa na 120,000 bweni, na hakuna njia nyingine iliyokaribia hapo.

Deni. Kuanzia 2023/24 Bodi inakopesha pia wanafunzi wa diploma, lakini kwa fani zilizotajwa tu: afya na sayansi shirikishi, ualimu wa sayansi, hisabati na ufundi, uchukuzi na usafirishaji, uhandisi wa nishati, madini na sayansi ya ardhi, kilimo na mifugo. Diploma ya uhasibu au utawala haimo kwenye orodha hiyo. Deni huwa dogo kwa sababu miaka ni michache.

Muda. Miaka miwili au mitatu. Kijana wa miaka 22 mwenye diploma ya maabara anaweza kuwa kazini wakati mwenzake wa uhandisi au udaktari bado yuko chuoni.

Kinachoharibika. Vyuo hewa. Kabla ya kulipa hata shilingi, tafuta namba ya usajili ya chuo kwa NACTVET, baraza linalosimamia vyuo vya kati, kisha uhakikishe kozi na ngazi yake vimo: kuna chuo kilichoruhusiwa kufundisha ngazi ya cheti na kikapokea wanafunzi wa diploma. Wanafunzi hao hugundua siku ya kutafuta leseni ya taaluma. Jambo la pili ni ajira za afya, ambazo serikali huzitoa kwa vipindi. Panga kwamba kunaweza kupita mwaka mzima wa kujitolea au zahanati binafsi yenye mshahara mdogo.

Mlango. Uko wazi kwa sharti moja ambalo lazima lijulikane siku ya kwanza: kuingia shahada kwa diploma kunahitaji wastani wa GPA 3.0 au B. Mwenye 2.9 haingii moja kwa moja. Mtoto aambiwe hilo mwaka wa kwanza, kwa sababu GPA haijengwi muhula wa mwisho.

Inawafaa mwenye ufaulu wa chini ya alama zinazotakiwa chuo kikuu (masomo mawili ya msingi yenye jumla ya pointi 4.0, ambapo A ni 5 na E ni 1), familia inayohitaji kipato mapema, na yule anayetaka kuingia udaktari lakini kozi ya umma imemkosa na ya binafsi ni ghali mno. Diploma ya utabibu, kazi miaka miwili, kisha udaktari: wengi wamepitia hapo.

Njia ya nne: Chuo Kikuu Huria, huku akifanya kazi

Pengo ni dogo na linatawanyika. Huria ina kituo kila mkoa, ada inafuata idadi ya masomo unayojiandikishia, na mwanafunzi analala kwao. Muhula mgumu anachukua masomo machache. Hesabu isitegemee bumu. Itegemee mshahara au biashara yake mwenyewe.

Deni linaweza kuwa sifuri, na hilo ni jambo kubwa. Muda ndio bei yake: miaka mitatu kwenye karatasi, lakini anayefanya kazi huchukua zaidi. Kinachoharibika ni upweke. Hakuna mhadhara wa saa mbili asubuhi wa kumtoa mtu kitandani, na anayeacha mara nyingi haachi kwa siku moja. Anaahirisha mtihani mmoja, kisha mwingine. Akae karibu na wenzake wawili watatu wa kozi ileile, wapange siku ya kusoma, na amweleze mwajiri tarehe za mitihani miezi mitatu kabla.

Kwa mtoto wa miaka 19 aliyetoka shule ya bweni bila kazi, hatushauri njia hii iwe ya kwanza. Inawafaa aliyekwisha kushika kazi, mama mwenye watoto wadogo, mtumishi anayetaka kupanda daraja. Aliyekosa pointi kwa kidogo aulizie programu yao ya msingi ya kujiunga na shahada.

Fomu ya mkopo: hapa ndipo pengo huzaliwa

Mwenye sifa zote hukosa mkopo kwa karatasi. Dirisha la maombi hufunguliwa takriban Juni na kufungwa Agosti, kwa hiyo usisubiri matokeo ndipo uanze. Ada ya maombi ni 30,000 na hulipwa kwa namba ya malipo inayotolewa na mfumo wenyewe. Usimpe mtu wa stesheneri alipe kwa namba yake.

Cheti cha kuzaliwa lazima kihakikiwe na RITA, wakala wa serikali unaosajili vizazi na vifo, na uhakiki huchukua siku. Yatima ahakiki pia cheti cha kifo cha mzazi. Kaya iliyo TASAF, mpango wa serikali wa kusaidia kaya maskini, iweke namba yake. Mwenye ulemavu ajaze fomu yake na isainiwe na mganga. Aliyesoma shule ya kulipia kwa fedha ya mfadhili aambatanishe barua ya mfadhili huyo, vinginevyo itachukuliwa kwamba wazazi ndio waliolipa, na kiwango cha uhitaji kitashuka.

Majina yakague herufi kwa herufi. "Athumani" kwenye cheti cha kuzaliwa na "Othman" kwenye cheti cha kidato cha nne ni watu wawili machoni pa mfumo. Namba ya mtihani ya kidato cha nne iliyoombea mkopo iwe ileile iliyoombea chuo. Waliorudia mtihani huwa na namba mbili, wakatumia moja huku na nyingine kule, kisha Oktoba wanashangaa jina halionekani. Fomu ikishachapishwa isainiwe na mwombaji, mdhamini na serikali ya mtaa au kijiji, na ipigwe mhuri wa wakili au hakimu. Kabla ya kupakia, ifungue kwenye simu ukurasa kwa ukurasa. Mhuri uliokatika pembeni au sahihi moja iliyosahaulika inatosha kuirudisha.

Mdhamini naye aelezwe anachosaini. Mjomba aliyeweka sahihi akidhani ni fomu ya shule ana haki ya kukasirika.

Kwa hali yako

Mtoto amefaulu sayansi kwa alama za juu kabisa: kabla ya mkopo, fuatilia Samia Scholarship, iliyoanza 2022/23 kwa wahitimu bora wa sayansi wanaokwenda kozi za sayansi, uhandisi na tiba. Ni ufadhili, haurudishwi. Aombe mkopo pia, asije akakosa vyote viwili.

Nyumbani hakuna hata laki tano ya akiba: umma wenye hosteli ya uhakika nje ya Dar es Salaam, au diploma ya serikali katika fani inayokopeshwa. Kati ya hizo mbili, alama zake ndizo ziamue. Na fedha ya kuripoti ianze kukusanywa Juni, wakati wa mavuno, si Oktoba.

Mzazi ana mshahara wa kawaida na uhakika wa kutoa 150,000 kila mwezi: hiyo ni 1,800,000 kwa mwaka. Inaziba pengo la umma hata Bodi ikitoa nusu, na inaziba ualimu au biashara ya binafsi kama bumu limepatikana. Haizibi udaktari wa binafsi.

Familia ina shamba la kuuza: liuzwe kwa ajili ya miaka yote ya kozi au lisiuzwe. Shamba linalolipa mwaka wa kwanza na wa pili tu limepotea. Kulikodisha kila msimu kunaweza kutoa nusu ya pengo na likabaki la familia.

Watoto wawili wanafika chuo kwa kupishana mwaka mmoja: piga hesabu ya mwaka ule ambao wote wako chuoni, siyo wa huyu wa kwanza peke yake. Hapo ndipo diploma ya miaka miwili kwa mmoja, aliyekubali kwa moyo wake, inaweza kumwokoa na mwenziwe.

Umeshathibitisha chuo, orodha imetoka, na kiasi ni kidogo kuliko ulivyotegemea: subiri awamu zinazofuata, kwa sababu majina hutoka kwa mafungu, kisha tumia dirisha la rufaa ukiwa na ushahidi mpya, kama cheti cha kifo kilichohakikiwa baadaye au taarifa ya ugonjwa wa mzazi. Barua ya kulalamika bila kiambatanisho haibadilishi kitu. Rufaa ikishindikana na pengo haliwezi kuzibwa, mwanafunzi aandike barua chuoni ya kuomba kuahirisha mwaka, apewe jibu la maandishi, ndipo arudi nyumbani. Anayeondoka kimya kimya huhesabiwa ameacha masomo, na mwakani atakuta nafasi yake haipo.